BIBI WA MHESHIMIWA
Sehemu ya tisa

Pazia likafunguka.

Haya, tulieni. Wiki nzima mmeuliza nani alijibu "Niko hapa" kutoka nyuma ya lile pazia. Kuna mama mmoja wa Hillbrow ameapa mbele ya watu kwamba ni msichana mrembo, mwenye mimba. Hakuna mimba. Aliyetoka ni bibi kizee, fimbo mkono mmoja, kandambili moja mkono mwingine, kwa sababu ya pili ilikuwa imeingia chini ya kitanda.

"Niko hapa," akarudia. "Nani anamtafuta bibi wa Burhani?"

Mister Dale akamtazama. Akafungua faili lake, akasoma, akamtazama tena.

"Huyu ndiye mke wa pili?" akamuuliza mkalimani wake.

Kwa wanaoanza leo, nawapa kwa kifupi halafu twende.

Burhani Othmani alikuwa anauza mapazia hapa hapa Johannesburg, Jules Street, Malvern, kwenye duka hili hili. Akaenda Amerika. Huko akauza mapazia tena, yakamtajirisha, akapata uraia, na mwaka jana, 2018, akachaguliwa mbunge wa jimbo. Si mbunge wa Washington. Washington ni ya wakubwa. Yeye anatunga sheria za barabara, za bata mzinga na za dawa za wazee.

Mwezi uliopita akarekodi ujumbe wa sauti: "Mwambieni bibi yangu asilie. Nampenda. Nitakuja kumchukua. Ila Saida bado hajui." Saida ni mke wake wa huko Amerika. Ujumbe ulitakiwa uje dukani Malvern. Mheshimiwa akabonyeza kundi la wapiga kura wake.

Na wapiga kura wake nusu ni Wakongomani.

Hata jua halijazama, jimbo zima linajua Mheshimiwa ana mke mwingine Johannesburg. Bunge lao likamtuma Mister Dale, mwanasheria, aje aone kwa macho yake. Akimkuta mke, Burhani anavuliwa kiti. Kesi yenyewe ndiyo hiyo, haina kona.

Sasa mkalimani. Anaitwa Pitchou, mtu wa Lubumbashi. Jumapili anatafsiri mahubiri kwenye kanisa moja katikati ya mji, juu ya duka la mablanketi. Mchungaji akisema "Mungu ni mwema", Pitchou anaichukua hiyo, anaizungusha, anaipandisha, na kabla hajaishusha watu wawili wameshaanguka. Ndiye aliyetafsiri ule ujumbe wa sauti kwa ajili ya faili. Aliandika *mke*. Akatia sahihi.

"Mama," akasema Pitchou, "weye njo bibi ya Burhani?"

"Ndiye mimi."

"Bibi yake kabisa kabisa?"

"Kwani bibi ana nusu? Nimemlea tangu hajaota meno."

Pitchou akaanza kuhesabu miaka kwa vidole.

"Ulimulea… bwana yako?"

"Bwana gani? Mjukuu wangu! Mama yake nimemzaa mimi, kwa tumbo hili."

Kwenye cherehani, Mama Shekinah akaacha kushona. Mama Shekinah ndiye fundi wa mapazia siku hizi, Mkongomani pia, ila amekaa na Bibi nyumba moja miaka mingi, kwa hiyo lugha zote mbili anazo.

"Eish, Pitchou! Umeharibu kazi. Hawa batu ba Tanzania, bibi kwao ni kambo."

"Kambo?"

"Kambo! Ule mwenye kuzala mama yako!"

"Na ule mwenye unaoa?"

"Ule ni mke."

"Mke," akasema Pitchou, taratibu, kama mtu anayeonja chakula cha watu. "Sasa kama ni kambo, juu ya nini hakusema kambo?"

Bibi akagonga fimbo chini.

"Kambo kwetu ni mtu wa kufikia. Baba wa kambo, mama wa kambo. Mimi si wa kufikia, mimi ni damu. Na wewe mwanangu ni mtu wa wapi, unamwita mkeo bibi? Ukiingia kulala unamwamkia shikamoo?"

Mama Shekinah akalazimika kuweka mkasi chini, asijikate.

"Nilishaandika," Pitchou akanong'ona. "Mama Shekinah, nilishaandika, nilishasinye jina yangu. Jimbo nzima inasoma."

"Wanasema nini?" akauliza Mister Dale.

Pitchou akakohoa. Akanyoosha tai.

"Mister Dale, kuna marekebisho madogo."

Akayaeleza. Mister Dale alisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso. Kisha akachukua kalamu, akakata neno *mke*, juu yake akaandika *nyanya*, akapiga mstari chini. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ashuke kwenye ndege, na hakujua vizuri afanyeje na meno.

"Basi Mheshimiwa hana kosa," akasema. "Nimesafiri bahari nzima kuja kumwona bibi wa mtu."

Chai ikaletwa. Bibi akapewa kiti. Pitchou akajifuta jasho kwa kipande cha pazia la mteja. Nje, madereva wa teksi walikuwa wanapigiana honi kwenye roboti, zile taa za barabarani, kama kawaida, na kila mtu ndani alikuwa na furaha.

Hapo hadithi ingeisha, mngenikasirikia. Haikuisha.

"Kitu kimoja tu," akasema Mister Dale. "Anipe jina lake kamili, kisha aape, niondoke. Nafikiri huyu ni bibi wa upande wa baba?"

"Kwa nini wa upande wa baba?" Pitchou akauliza.

"Kwa sababu wa upande wa mama alikufa. Marehemu Kidawa. Kwetu kila mtu anamjua Kidawa. Tuna sheria yenye jina lake."

Pitchou akageuka ampe Bibi swali. Mama Shekinah naye akageuka, rangi imemtoka.

Kwa sababu, wasomaji wangu, Mama Shekinah alijua, na sasa mnajua na nyinyi. Bibi aliyekaa kwenye kile kiti, anapuliza chai, jina lake ni Kidawa.

Simu ya Mama Shekinah ikaita. Alikuwa amemtumia Burhani ujumbe tangu mzungu alipoingia mlangoni. Masikio ya Bibi ni mazito, kwa hiyo Burhani akipiga, Mama Shekinah siku zote anaweka spika.

"Bibi! Usiseme jina lako!"

Mister Dale akainua kichwa. Hakuitambua sauti. Bungeni amemsikia Burhani akisema Kiingereza kila wiki, polepole, na mikono mezani. Mtu akirudi kwenye lugha aliyotukaniwa nayo utotoni, anakuwa mtu mwingine.

"Nani huyo?"

"Mteja," akasema Mama Shekinah kwa Kiingereza. "Anataka mapazia. Ana haraka."

"We Buru," akasema Bibi, "uko wapi? Mbona unanong'ona?"

"Niko chooni, bungeni. Bibi, nisikilize. Huyo mzungu akikuuliza jina, sema wewe ni mama yake baba. Sema jina la bibi yule mwingine. Basi tu, imeisha."

"Nijiite mwanamke yule?"

"Mara moja tu, bibi."

"Yule aliyeninyima sahani ya pilau kwenye harusi ya mwanangu mwenyewe? Nikae hapa na meno yangu niseme mimi ni yeye? Bora nife."

Kwenye simu, mlango ukafungwa kwa komeo.

"Ndivyo nilivyosema, bibi," akasema Burhani.

"Ulivyosema nini?"

"Kwamba umekufa."

Bibi akaweka kikombe chini.

Mister Dale akamgusa Pitchou bega. "Mteja anasemaje?"

Pitchou alikuwa ameapa asubuhi, mkono juu ya Biblia, kutafsiri kila neno bila kupunguza wala kuongeza. Akamwangalia Bibi. Akaangalia kalamu.

"Wanasalimiana," akasema.

"Nilikufa lini?" Bibi akauliza. Sauti yake haikupanda.

"Bibi…"

"Nakuuliza siku. Mtu lazima ajue."

"Wakati wa kampeni. Mwaka jana."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Kukosa dawa."

"Dawa zangu hizi hapa kwenye kopo, nameza asubuhi na jioni."

"Najua, bibi. Mimi ndiye nazituma."

"Sasa uliniulia nini?"

Hapo Mheshimiwa akasema yote, haraka haraka, na nyuma yake maji ya choo yakimwagika kila mtu mwingine akiingia. Siku ya mdahalo mpinzani wake alisimama, akasema baba yake alikufa vitani. Ukumbi ukalia. Zamu ya Burhani ikafika. Yeye alikuwa na mapazia.

"Sikuwa na maiti hata mmoja, bibi. Nikasema bibi yangu alinilea peke yake, akafa Johannesburg kwa kukosa dawa, na ndiyo maana nagombea. Wakasimama."

"Nani walisimama?"

"Ukumbi mzima."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

Bibi akafikiria hilo kidogo. Akavuta kanga begani.

"Baba yako alikufa kweli. Kwa nini hukumtumia yeye?"

"Baba alikufa usingizini, bibi. Ameshiba."

"Ubaya wake nini?"

"Haitungi sheria."

"Salamu zao ni ndefu," akasema Mister Dale.

"Ni watu wa Tanzania," Pitchou akajibu. "Bado wanauliza watoto."

Mama Shekinah akanyanyua pazia la mteja, akajifunika nalo uso, kama anatazama mshono.

"Na hiyo sheria?" Bibi akauliza. "Inafanya nini?"

"Mzee yeyote wa jimbo letu asiyejiweza anapewa dawa bure. Tuliipitisha mwezi wa tatu. Ina jina lako, bibi. Imeandikwa ukutani, herufi za dhahabu. Wakijua uko hai, nimesema uongo kwa watu wote wale. Kiti kinakwenda. Na wale jamaa wa upinzani hawakuipenda sheria toka mwanzo, wataifuta kesho yake."

Mnaona mtego ulivyokaa. Akiwa mke, Burhani anaanguka. Akiwa bibi, anaanguka vilevile, na wazee wa watu wanaanguka naye. Mzungu amekaa na kalamu, anasubiri neno moja tu kutoka kwa mama mwenye kandambili moja.

"Nimekuelewa," akasema Bibi. "Swali la mwisho. Ulinizika wapi?"

"Vipi?"

"Kaburi langu. Liko wapi?"

"Sikusema habari ya kaburi, bibi. Hakuna aliyeuliza."

Sasa Bibi alibadilika. Mama Shekinah anasema katika miaka yote hajawahi kumwona hivyo, hata ile siku waporaji walipovunja duka.

"Hukunizika."

"Bibi, ni hadithi tu ya kampeni…"

"Umeniua, nimekaa kimya. Umenipa ugonjwa usio wangu, nimekaa kimya. Lakini umeniacha juu ya ardhi? Mwaka mzima? Mimi niliyemwosha babu yako, nikamwosha mama yako, kwa mikono hii? Mbwa anafukiwa, Buru."

Kule chooni maji yalimwagika tena.

Mister Dale akatazama saa yake, akachoka.

"Pitchou, muulize jambo jingine wakati anamaliza na mteja. Bunge limeniagiza picha ya kaburi la marehemu Kidawa. Tunataka kuiweka ukutani, chini ya lile jina. Anajua liko wapi?"

Mnaona mambo.

Pitchou akauliza. Bibi akamgeukia mzungu moja kwa moja. Yule mama hasemi uongo. Hakusema hata polisi walipokuja kuuliza vibali.

"Mwambie kaburi halijachimbwa."

Pitchou akatafsiri neno kwa neno. Hakupunguza.

"Halijachimbwa?" Mister Dale akaacha kuandika. "Amekufa tangu mwaka jana!"

Pitchou alikuwa mtu aliyezoea mchungaji akikwama katikati ya sentensi. Huwezi kuwaacha watu hewani, lazima umalizie. Akamalizia kwa kitu anachokijua. Mjomba wake Théodore alipofariki Lubumbashi alikaa mochwari mpaka kijana wake apate viza atoke Ubelgiji, na hakuna mtu aliyeona ajabu. Mkubwa wa familia hajafika, unazikaje?

"Wanangojea familia," akasema. "Marehemu wa mtu mkubwa hazikwi mpaka mwenyewe afike. Mheshimiwa bado hajafika."

"Mwaka mzima?"

"Mochwari ya hapa ni baridi sana."

Mister Dale akawaza. Akaitazama fimbo, akaitazama kanga, akamtazama Mama Shekinah ambaye sasa alikuwa amefunikwa na pazia mpaka kiunoni. Akaandika: *Wanangojea familia.*

"Umemwambia nini?" Bibi akauliza.

"Nimesema maiti inamungojea mujukuu."

"Astaghfirullah. Sisi maiti haingoji mtu. Amekufa asubuhi, alasiri yuko chini."

"Kwetu inangojaka, Mama. Mpaka mwenye kilio afike. Hata kama ni mbali."

"Lazima afike?"

"Lazima."

"Mwenyewe? Si kwa simu?"

"Mama, nani anazikaka kwa simu?"

Bibi akarudi nyuma kwenye kiti. Miaka yote hiyo Burhani amekuwa akisema anakuja. Alisema anakuja Idi. Alisema anakuja baada ya kufungua duka la pili, halafu baada ya uchaguzi. Viatu vyake vya zamani bado viko chini ya kile kitanda, ndivyo vilivyofunika ile kandambili.

"Umesema vizuri, mwanangu," akamwambia Pitchou. "Kumbe nyinyi mna akili. Mwambie mzungu mazishi ni Ijumaa, baada ya sala. Mjukuu wa marehemu anakuja mwenyewe. Na jina langu mimi nitampa hapo hapo makaburini, mbele ya mjukuu. Nikilisema, hatauliza tena."

Kila neno lilikuwa la kweli. Pitchou alilitafsiri lote, akiogopa.

Mister Dale akafunga faili. Akasimama, akampa Bibi mkono wa pole kwa msiba. Ndege yake ilikuwa ya Jumatano, akasema, ila ataisogeza. Heshima ya namna hii hawezi kuikosa. Atakuja na kamera.

"Atakuja Ijumaa," akasema Pitchou kwa Kiswahili. "Na kamera."

"Karibu sana," akasema Bibi. "Mama Shekinah, mpe chai ya pili."

"Bibi!" Simu ilikuwa inapiga kelele mezani. "Bibi, umefanya nini? Ijumaa gani? Nina kikao Alhamisi!"

"Panda ndege, Buru."

"Na Saida nimwambieje?"

"Mwambie ukweli. Unakwenda kumzika bibi yako."

"Bibi, nije kuzika nini? Uko hai!"

Bibi akainama, akaichukua simu, akaisogeza karibu kabisa na mdomo, ili mtoto asikie vizuri.

"Niko hai," akasema. "Mpaka Ijumaa."